Ushahidi wa Mawe Juu ya Umri wa Ardhi



Mzazi mmoja ametuletea barua yenye huzuni. Mwanawe alirudi kutoka shuleni akasema kwamba ardhi hii ina umri wa miaka milioni 4,540 au karibu yake. Baba akamkemea, akamwambia hayo ni maneno ya kikafiri, yasitajwe tena nyumbani mwake. Kijana akanyamaza. Lakini tangu siku hiyo, baba mwenyewe asema, mwanawe hamwulizi tena jambo lolote la dini. Ukimya huo ndio uliotufanya tulitangulize swali hili mbele ya mengine, kwani kijana mwenye akili haachi kuuliza. Huenda akaulize kwingine.

Kwanza twapenda kujua ni kitu gani anachokitetea mzazi huyu. Kuran Tukufu haikutaja hata mara moja idadi ya miaka ya ardhi. Imetaja siku sita za kuumbwa mbingu na ardhi. Lakini katika Suratul-Hajj, Aya ya 47, siku imelinganishwa na miaka elfu ya hesabu yetu, na katika Suratul-Maarij, Aya ya 4, imetajwa siku ya miaka elfu hamsini. Basi ni nani awezaye kuzipima siku za Mola kwa jua letu la asubuhi na jioni? Ile hesabu ya miaka elfu sita inayosikika mitaani ilienezwa zaidi na Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alihesabu vizazi vya Biblia, akasema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Ni kweli kwamba hata katika tarehe ya al-Tabari zimo riwaya za miaka elfu saba na elfu sita. Lakini hizo ni riwaya, si Aya, na Mwislamu hakulazimishwa kuziamini. Anayezipigania analinda ua wa jirani akidhani ni wake.

Tena elimu hii si ngeni kwetu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyeandika habari za Bara Hindi yapata mwaka 1030, aliyatazama mawe ya mito ya huko. Aliyaona ni makubwa karibu na milima, ambapo maji yana nguvu, kisha yanazidi kuwa madogo kadiri mto uendavyo, mpaka mwisho ni mchanga tu. Akahukumu kwamba nchi ile tambarare ilikuwa bahari zamani, ikajazwa na udongo wa mito. Ibn Sina naye, katika zama hizo hizo, aliandika kwamba milima hufanyika na kuchongwa na maji katika muda mrefu mno. Hatujapata kusikia kwamba kwa ajili hiyo yeyote kati yao aliacha kuswali.

Walichokikosa wazee hao ni saa ya kuupimia muda wenyewe. Saa hiyo imepatikana katika karne ya ishirini, nayo imo ndani ya mawe. Katika mawe mengi mna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo haitulii, bali hugeuka kidogo kidogo, nyingine ikawa hewa iitwayo agoni. Kasi yake imepimwa: ikipita miaka milioni 1,250, nusu yake imekwisha kugeuka, ikipita mingine kama hiyo, nusu ya iliyobaki. Jiwe linapoyeyuka ndani ya volkeno, agoni hutoroka kama mvuke utokao chunguni. Likipoa na kuganda, hesabu huanza upya, na agoni inayozaliwa tangu hapo hufungwa ndani ya punje za jiwe. Mtaalamu huipima agoni hiyo pamoja na potasiamu iliyobaki, akajua volkeno ilitema lini.

Wengi hudhani kwamba mfupa wenyewe ndio unaopimwa hivi. Sivyo. Hupimwa jivu la volkeno lililo chini yake na lililo juu yake, na umri wa mfupa huwa katikati. Ama kaboni, ambayo kila mtu ameisikia, hiyo hupungua nusu kwa miaka 5,730, na baada ya miaka kama 50,000 hubaki kidogo mno hata haifai kitu. Anayesema kwamba mifupa ya mamilioni ya miaka ilipimwa kwa kaboni hakuisoma elimu hii, awe anaisifu au anaitukana.

Je, wapimaji hawakosei? Hukosea, na kisa kikubwa cha kukosea kwao kilitokea Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1969 zilionekana huko zana za mawe ndani ya tabaka la jivu. Jivu likapelekwa Uingereza kupimwa, na jibu la kwanza likawa zaidi ya miaka milioni 200! Ikatambulikana kwamba mto ulikuwa umechanganya punje za mawe ya kale sana na lile jivu. Zikachaguliwa punje safi zaidi, ikapatikana miaka milioni 2.6. Kisha mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaona vipande vya fuvu mashuhuri chini ya tabaka hilo, na kwa sababu ya hesabu ile fuvu likasemwa kuwa na umri wa karibu miaka milioni 2.9.

Walioipinga hesabu hiyo waliegemea nguruwe. Naam, nguruwe, msomaji asichukizwe, hatukuambiwa tuwale. Meno ya nguruwe wa zamani yalibadilika umbo zama baada ya zama. Katika bonde la Omo, Ethiopia, upande wa kaskazini wa ziwa hilo hilo, matabaka yalikuwa yamekwisha kupimwa vizuri, na nguruwe waliofanana na wa Koobi Fora walikuwa wa kama miaka milioni 2 tu. Mzozo ukadumu miaka mingi. Maabara ya Berkeley, Marekani, yakapima upya, yakapata umri mdogo zaidi. Wengine wakalichunguza jivu kwa kemia, wakaona kwamba jivu lile lile liko Omo pia. Mwisho, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vipimo vilivyofanywa Australia vikakaa kwenye miaka milioni 1.88 hivi.

Makosa ya miaka 700,000 si madogo, nasi hatumlaumu mzazi akiyacheka. Lakini atazame jinsi yalivyofichuliwa. Meno hayajui habari ya agoni, wala mpimaji wa Australia hakumtegemea yule wa Uingereza. Wanafunzi wa Hadithi wanaifahamu vema hoja ya namna hii: habari ya mpokezi mmoja huchunguzwa, hata akiwa mwaminifu, lakini zikija njia nyingi zisizoweza kupatana juu ya uongo, zote zikasema neno moja, habari hupata nguvu nyingine kabisa. Na hata walipogombana, hapana upande uliokaribia miaka elfu sita.

Umri wa ardhi yote ulipatikana kwa saa nyingine, ile ya urani inayogeuka kuwa risasi. Mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani alipima risasi iliyomo katika vimondo, akapata miaka milioni 4,550. Punje ndogo za jiwe kutoka Australia zimeonekana kuwa na miaka milioni 4,400. Hesabu aliyoileta kijana yule nyumbani imetoka huko, wala si kwa adui wa dini.

Barua hiyo inauliza pia juu ya Nabii Adam (a.s.) na umbile la binadamu. Huo ni mlango mwingine, wenye hoja zake na maulamaa wake, na umri wa mawe hauufungui wala hauufungi. Mzazi aweza kuikubali miaka yote hiyo leo, akamwita mwanawe waketi, naye asibadilishe hata herufi moja ya anayoyaamini juu ya Adam.