Ugonjwa wa ini na pombe: Kipimo cha damu kinaweza kusema nini Juba?

Malakia, mojawapo ya mitaa mikongwe ya Juba, ilipata jina lake kutokana na neno la Kiarabu linalomaanisha makazi ya raia, tofauti na kambi ya wanajeshi. Leo ni mtaa wa soko, ambako Kiarabu cha Juba hukutana na lugha za wafanyabiashara kutoka nchi jirani. Katika mji huu pombe kali ya kienyeji iitwayo siko hunywewa na wengi, na mnywaji wa miaka mingi anapofikishwa hospitalini macho yakiwa manjano na tumbo limejaa maji, jamaa zake huwa na swali moja: je, atapona?

Kwa karibu nusu karne, madaktari wamejaribu kulijibu swali hilo kwa kupima damu. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Willis Maddrey waliunganisha vipimo viwili: kiwango cha bilirubini, yaani ile rangi ya manjano ambayo ini dhaifu hushindwa kuiondoa mwilini, na muda ambao damu huchukua kuganda. Kwa hesabu hiyo, kama ilivyorekebishwa baadaye, alama 32 au zaidi humaanisha kwamba maisha ya mgonjwa yamo hatarini katika wiki chache zijazo. Hesabu nyingine, MELD, iliongeza kreatinini, ambayo hueleza hali ya figo.

Vipimo hivi si vya ajabu wala vya gharama kubwa mno. Tatizo ni kwamba vilitungwa kwa kuwachunguza wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ilhali damu ya mgonjwa wa Juba hubeba alama za maradhi mengine pia.

Kreatinini, kwa mfano, hutokana na misuli. Mtu aliyekondeana kwa utapiamlo huwa nayo kidogo hata figo zake zinapoanza kushindwa, hivyo MELD yaweza kumwonyesha kuwa na nafuu asiyokuwa nayo.

Kosa la upande wa pili hutokea katika FIB-4, hesabu inayotumia umri, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani ili kukadiria makovu kwenye ini. Chembe sahani zikipungua, alama hupanda. Lakini malaria nayo huzipunguza. Kichocho cha tumbo, ambacho kipo kandokando ya Mto Nile, hufanya vivyo hivyo kwa kuvimbisha wengu. Hata ulevi wa siku chache zilizopita hupandisha vimeng'enya, ndiyo maana busara ni kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa bila pombe. Na kabla ya yote hayo kuna homa ya ini aina ya B, iliyoenea katika eneo hili: asipopimwa virusi hivyo, mgonjwa huenda akabebeshwa lawama ya chupa kwa ugonjwa ambao una dawa yake.

Swali zito zaidi ni hili: alama ikishajulikana, hufuata nini? Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa kati ya waliopewa prednisoloni asilimia 14 walifariki ndani ya siku 28, dhidi ya asilimia 17 ya wasiopewa. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha faida, na baada ya siku 90 haikuonekana kabisa. Isitoshe, dawa hiyo hupunguza kinga ya mwili, hatari isiyo ndogo penye kifua kikuu na homa ya ini B.

Upandikizaji wa ini haufanyiki Sudan Kusini. Khartoum, ambako wagonjwa wengi walikuwa wakienda kutibiwa, ilitumbukia vitani Aprili 2023.

Kwa hiyo thamani kubwa ya vipimo hivi si kwa mgonjwa aliyekwisha kuwa manjano, bali kwa mnywaji anayejiona mzima. Kuacha pombe ndiko kunakorefusha maisha kuliko dawa yoyote iliyopo, hata baada ya makovu kuanza. Hilo linahitaji mhudumu wa kumpima mtu huyo mara ya kwanza, kumsaidia kipindi cha kuacha, ambacho chenyewe chaweza kuleta degedege, kisha kumpima tena.