Injini Imefungwa Dodoma, Lakini Bado Imesetiwa kwa Hewa ya Pwani

Land Rover 109 ya miaka ya sabini yenye injini ya Toyota 3L si kitu cha ajabu katika uwanda wa kati. Mwenye gari kama hilo amepiga hesabu. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani inakunywa mafuta na spea zake ni za kusaka, ilhali 3L, dizeli ya lita 2.8, inajulikana kwa mafundi wengi na spea zake zinapatikana. Injini inanunuliwa Dar es Salaam, inapakiwa kwenye lori, inafungwa, inapigwa stata, inawaka. Fundi analipwa chake. Baada ya muda gari linaanza kutoa moshi mweusi kila likikuta mlima, tanki haliendi mbali, na lawama zote zinaangukia injini: mtumba, imechoka, tumeuziwa mbovu.

Mara nyingi injini haina ubovu wowote. Haijasetiwa tu.

Dodoma mjini iko kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia kumi. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo, na hakuna fundi awezaye kuirudisha kwa bisibisi. Anachoweza ni kuhakikisha mafuta yanalingana na hewa iliyopo. Pampu ya nozeli iliyopimwa kwa hewa ya pwani inaendelea kumimina kiasi kilekile hata hewa ikipungua; mafuta yasiyopata hewa ya kuungua ndiyo ule moshi. Watengenezaji wanalijua jambo hili, ndiyo maana baadhi ya pampu za Toyota zilitoka na kifaa cha kupunguza mafuta gari linapopanda nyanda za juu. Injini ya mtumba inaweza kuja bila kifaa hicho, au ikaja nacho kikiwa kimekufa.

Kwa petroli hali ni hiyohiyo. Kabureta yenye jeti za pwani inatoa mchanganyiko mzito Dodoma, plagi zinatoka nyeusi kwa masizi, na kwenda Singida, ambako ni juu zaidi, injini inakuwa nzito zaidi. Injini za kompyuta zina afadhali kwa sababu sensa zinapima hewa na kurekebisha mafuta zenyewe, lakini si pale aliyefunga alipokata waya wa sensa ya ekzosi kwa kuwa "gari linawaka bila hiyo". Linawaka, ndiyo, ila kompyuta imeachwa kipofu.

Hapa ndipo elimu ya fundi inapohitajika kuliko nguvu zake. Vitabu vingi vya ufundi vinasema injini nzima ya petroli ikiwa sailensi inatakiwa kusoma inchi 17 hadi 21 kwenye geji ya vakyumu. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Kila futi 1,000 za mwinuko zinapunguza karibu inchi moja, kwa hiyo Dodoma injini yenye afya inaweza kusoma 14 au 15. Kijana aliyekariri kitabu ataifungua injini isiyo na tatizo akitafuta valvu iliyoungua. Aliyefundishwa sababu atautazama mshale uleule kisha ataendelea na kazi.

Kosa linaloumiza zaidi liko nyuma ya pampu ya dizeli. Pana skrubu ya kuongeza mafuta, na ndiyo inayoguswa kwanza mteja akilalamika kwamba gari halina nguvu. Nguvu inaongezeka kidogo kweli, na moshi pia, na joto la ekzosi linapanda. Hedi za familia ya injini za Toyota kama 3L zina sifa ya kupasuka joto likizidi. Mteja anaondoka akifurahi, na bili anakuja kuilipa baadaye.

Utaratibu sahihi unaanza mbali na skrubu hiyo. Kompresheni ipimwe, tapeti zisetiwe, nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Kisha taiming ya pampu: boliti ya katikati nyuma ya pampu inatolewa na mahali pake inafungwa geji ya mshale inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Injini inazungushwa kwa mkono kurudi nyuma hadi mshale utulie, geji inawekwa sifuri, kisha injini inazungushwa mbele hadi pistoni ya kwanza ifike juu kabisa. Kinachosomwa kinalinganishwa na kipimo cha mtengenezaji, na pampu inasukumwa nywele moja kulia au kushoto kabla ya kukazwa. Ni kazi ya utulivu. Sikio la fundi mkongwe ni hazina, linasikia bearingi kabla haijafa, lakini halisomi sehemu ya mia ya milimita.

Mkoa wa Dodoma una kumbukumbu ya gharama ya kuleta mashine bila kuiuliza ardhi. Kongwa ndiko serikali ya Uingereza ilikoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, kwa matrekta yaliyokuwa masalia ya vita na, baadaye, vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulikula majembe na vyuma, kiangazi ukawa mgumu kama saruji, na mashine nyingi zikalala. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wahandisi walikuwepo, kilichokosekana ni kupima mahali kabla ya kuanza.

Mapenzi ya magari ya zamani nchini ni makubwa. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, na wamiliki wengi wa magari ya namna hiyo wanayategemea kwa kazi, si kwa maonyesho. Watu hawa wanastahili mafundi waliofundishwa kupima, na vijana wa gereji za Dodoma wanastahili kufundishwa. Wengi wanajifunza kwa kushika tochi na kupokeza spana, miaka inapita, na siku ya kuseti wanatumwa dukani. Hiyo si haki kwao.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina makao yake makuu hapahapa Dodoma, na tayari inatambua ujuzi uliopatikana gerejini bila darasa. Ianzishe kozi fupi ya jioni kwa mafundi walio kazini: kusoma geji ya vakyumu, kuseti pampu, kusoma plagi, kufuata waya za kompyuta, na kufanya haya yote kwa hewa ya mita 1,120. Geji zinazohitajika zinagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya injini, na darasa moja linaweza kuzitumia miaka mingi.

Wenye magari nao wana wajibu. Anayelipia kufunga injini alipie na siku ya kuiseti, pamoja na safari ya majaribio yenye mlima na mzigo. Asikubali thamostati itupwe wala mfuniko wa rejeta uliochoka uachwe, kwa sababu Dodoma maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Aandikishe namba ya injini mpya Mamlaka ya Mapato (TRA) ili kadi ya gari iseme kweli siku ya kuuza au kudai bima. Na kabla ya kutoa hata shilingi, amuulize fundi wake: nani ataiseti, na kwa geji gani?