Hodhi la Maji Moto na Elimu ya Anayelisafisha

Katika baadhi ya nyumba za wenye uwezo mijini, na katika hoteli za pwani, limeingia hodhi la kuogea ambalo maji yake hupashwa moto na kutiwa mapovu kwa pampu. Mwogaji huketi humo, maji yakimfika mabegani, apate kupumzisha viungo. Kuoga maji ya moto kwa starehe si jambo geni katika mwambao huu: hamamu za Kidichi na Hamamni, kisiwani Unguja, zilijengwa katika karne ya 19. Lililo geni ni kwamba ndani ya hodhi hili maji yale yale hukaa kwa majuma mengi, yakizungushwa na kuchujwa, na usalama wake hutegemea kemia. Nayo kemia hiyo aghalabu huachwa mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyejishughulisha kumweleza.

Mtu huyo ni mtunza bustani au mtumishi wa nyumbani. Hupewa ndoo ya dawa, kijiko, na agizo la kutia vijiko viwili kila asubuhi. Maelezo yaliyobandikwa kwenye ndoo yameandikwa kwa lugha asiyoisoma. Maji yakiwa maangavu, husifiwa, yakichafuka, hulaumiwa. Utaratibu huu ni mbovu, wala hauponi kwa kuongeza kijiko cha tatu.

Yafaa kuanza na hesabu nyepesi. Bwawa la kuogelea lenye urefu wa meta 25, upana wa meta 12.5 na kina cha wastani cha meta 1.5 huchukua lita 468,750. Wakiingia watu 50, kila mmoja ana lita zaidi ya 9,000. Hodhi la nyumbani lenye lita 1,200 likiingiwa na watu 4, kila mmoja ana lita 300 tu. Jasho, mafuta ya ngozi na mabaki ya sabuni huingia katika maji machache mno, tena yenye joto la nyuzi 36 hadi 40 za Selsiasi. Joto hilo huharakisha kwisha kwa klorini, na mapovu huipeperusha. Kwa hiyo maji yaliyopimwa asubuhi yakaonekana salama huenda jioni yasiwe na kinga yoyote, ilhali kwa macho hayajabadilika hata kidogo.

Jambo la pili ni pH, ambayo mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau akiisha kutoka chumbani. Klorini itiwapo majini huzaa asidi ya hipoklorasi, nayo ndiyo hasa iuayo bakteria. Sehemu ya asidi hiyo hugeuka kuwa ioni ya hipokloriti, ambayo nguvu yake ni ndogo sana. Maji yakiwa na pH 7, karibu robo tatu ya klorini huru huwa katika umbo lile lenye nguvu. Kwa pH 7.5 hubaki kama nusu. Kwa pH 8, kama robo. Sasa, dawa nyingi za klorini za unga, na hata dawa ya maji ya kufulia nguo, zina asili ya alikali. Mapovu nayo huondoa kaboni dioksidi majini na kupandisha pH zaidi. Hivyo mtumishi anayeongeza dawa bila kupima huenda akawa anaidhoofisha ile ile aliyokwisha kutia. Harufu kali ya klorini pia humdanganya: mara nyingi hiyo ni harufu ya kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na uchafu wa waogaji.

Wako watakaosema kwamba haya ni mashaka ya matajiri. Mwezi Februari 1999, katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, mahodhi ya namna hii yaliwekwa ili watu wayatazame. Wageni walipita tu kando yake. Matone madogo yaliyorushwa na mapovu yalibeba bakteria aitwaye Legionella, ambaye hustawi katika maji ya vuguvugu na huleta kichomi kikali. Watu wasiopungua 188 waliugua na wasiopungua 21 wakafa. Anayeinamia hodhi kila asubuhi kulisugua huivuta pumzi hiyo kuliko tajiri wake.

Bakteria hao hujificha katika utando wa utelezi ndani ya mabomba, mahali ambapo brashi haifiki. Ndiyo maana kufuta kingo hakutoshi: chujio lioshwe mara kwa mara, maji yamwagwe yote kila baada ya miezi michache, na mabomba yasafishwe kwa dawa kabla ya kumwaga. Umeme uzimwe kwanza. Dawa ndiyo itiwe majini, si maji juu ya dawa. Na kamwe klorini isikutanishwe na asidi, kwani gesi itokayo huweza kuua.

Kipimo chenyewe ni hesabu ya kidato cha pili. Kupata miligramu 3 za klorini katika kila lita ya hodhi la lita 1,200 kwahitaji gramu 3.6. Dawa ya maji yenye gramu 35 za klorini katika lita moja itatumika kiasi cha mililita 103. Kisha maji yapimwe tena, maana uchafu hula sehemu yake. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hiyo hiyo kwa tangi la shule, akibadili tarakimu tu, kwa kuwa maji ya kunywa huhitaji klorini kidogo zaidi. Shule isiyo na hodhi haikosi tangi.

Mwenye nyumba aliyeweza kulinunua hodhi hawezi kudai kwamba vifaa vya kupimia klorini na pH vimemshinda bei. Avinunue, amfundishe mtunzaji maana ya rangi zake kwa Kiswahili, na ampe daftari la kuandika vipimo vya asubuhi na jioni. Tena ampe na idhini: siku vipimo vikiwa vibaya, mtunzaji alifunike hodhi, hata kama wageni wa bwana wamekwisha kuvua viatu.