Malindi na Wareno: Urafiki Uliojengwa Juu ya Uadui



Ndugu msomaji, sisi wa Rufiji tunaikumbuka zaidi Kilwa, jirani yetu wa kusini, iliyovamiwa na Wareno mwaka 1505. Lakini kisa chenye mazingatio makubwa zaidi ni cha Malindi, mji uliowakaribisha Wareno hao.

Vasco da Gama alipofika pwani yetu mwaka 1498, Mombasa ilimtilia shaka. Malindi ikampokea na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Hayakuwa mapenzi. Miji hiyo miwili ya Waislamu ilikuwa ikishindana, na Malindi iliona katika mizinga ya mgeni njia ya kumshinda jirani yake. Mombasa ikachomwa moto mwaka 1505, ikavamiwa tena 1528 na 1589. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, na Sultani wa Malindi akahamia Mombasa kutawala.

Kwa dhahiri, Malindi ilikuwa imeshinda. Kumbe hapo ndipo uhusiano ulipoanza kuvunjika. Adui wa pamoja alikwisha, na sababu ya urafiki ikaisha naye. Sultani alijiona mshirika. Makapiteni wa ngome walimhesabu mtumishi. Wakagombania mapato na mamlaka. Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad alikimbilia Rabai, akauawa huko kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf, angali mtoto, alipelekwa Goa, akabatizwa na kuitwa Jerónimo.

Alirudishwa kutawala, lakini Agosti 1631 aliiteka ngome, akamwua kapiteni na kurejea katika Uislamu. Waliouawa walikuwamo wanawake na watoto, jambo ambalo dini yetu inalikataza hata vitani. Dhulma ilikuwa imezaa dhulma. Mwaka uliofuata Yusuf aliondoka, Wareno wakarudi, wakabaki hadi Waomani walipoitwaa ngome mwaka 1698.

Ndugu zangu, tuyatazame haya majumbani mwetu. Ndugu wawili wanapogombania mikorosho ya urithi, mmoja hutafuta mtu mwenye fedha au cheo amsaidie kumkandamiza mwenziwe. Kwenda kwa wazee, kwa sheikh au mahakamani kutafuta haki ni jambo jema. Kununua nguvu ya mtu wa nje ili kumdhulumu ndugu ni jambo jingine. Mtu huyo hakuja kwa ajili yako. Amekuja kwa ajili ya shamba. Ndugu yako akishaondolewa, zamu itakuwa yako, na wanao ndio watakaolipa deni.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Hujurat kupatanisha baina ya ndugu, na mafungu ya mirathi amekwisha kuyabainisha katika Surat an-Nisaa. Basi tugawane mapema, wanawake wapewe haki yao, na mwenye kinyongo akisema mbele ya nduguze kabla hajakipeleka kwa mgeni.

Wabillahi tawfiq.