Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: LUKU inayokusanya kodi ipeleke na msaada

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mbagala kuhusu jiko la mtu asiye na uwezo, na kuhusu halmashauri 184 zilizo chini ya ofisi yako, ambazo naamini zina namna ya kulisaidia jiko hilo kila mwezi.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Mitungi ya gesi imegawiwa kwa wingi, kwa mama lishe, kwa vikundi, kwenye mikutano. Tunashukuru, maana mtungi na kichwa chake ni gharama ambayo wengi wasingeimudu. Lakini ingia kwenye vyumba vya wapangaji huku kwetu. Jirani yangu, bibi anayelea wajukuu, mtungi wake wa kilo 6 umekaa kona ya chumba, umefunikwa kitambaa, na juu yake pana redio. Gesi iliisha zamani. Kuujaza ni zaidi ya Sh20,000 kwa mkupuo, na yeye fedha ya mkupuo hana. Ana elfu moja ya leo, na kesho Mungu atajalia. Mkaa unauzwa kwa kopo, basi anachukua kopo. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima yanaipita bei ya gesi, na hesabu hiyo bibi anaijua vizuri kuliko mimi na wewe. Anapikia mlangoni, moshi unaingia ndani walikolala watoto.

Huyu hakukosa mtungi, Mheshimiwa. Amekosa cha kuwashia, mwezi baada ya mwezi.

Umeme ungeweza kumfaa. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage bila kumaliza uniti moja, na uniti moja kwa bei ya kawaida ya nyumbani ni takriban Sh356. Kwa mteja wa D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ni Sh122 tu. Bei hiyo ya chini iliwekwa kwa ajili ya watu kama bibi huyu, ila haimfikii. Nyumba yetu ina vyumba vingi na mita moja. Tunachangishana fedha za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, matumizi yetu kwa pamoja yanavuka uniti 75, na mita nzima inahesabiwa T1, yaani kwa bei ile ya kawaida. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja, mwenye taa mbili na chaji ya simu, analipia uniti karibu mara tatu ya bei anayolipa mtu mwenye nyumba yake na mita yake anayetumia kidogo. Juu ya hapo wenye nyumba wengi wamepiga marufuku pasi na majiko ya umeme, na siwalaumu: mita ni moja, ugomvi wa nani kamaliza umeme hauishi.

Mita hiyohiyo, tangu 2021, inakusanya kodi ya majengo. Sasa ni Sh1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na sijamsikia mpangaji mtaani kwetu aliyerudishiwa. Ndani ya bei ya kila uniti mna pia asilimia 3 ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, na hiyo tunailipa kwa moyo mmoja kwa sababu inapeleka umeme vijijini. Maana yake njia ya kupitisha fedha kwenye LUKU ipo na inafanya kazi kila siku. Ombi langu ni kwamba ipitishe na msaada.

Halmashauri ikinunua uniti 20 kwa mwezi kwa kaya moja, kwa bei hiyohiyo ya T1, ni kama Sh7,100. Kaya 1,000 kwa mwaka mzima ni Sh milioni 85 na ushei. Manispaa za Dar es Salaam zinakusanya makumi ya mabilioni ya mapato ya ndani, yakiwemo ya ushuru wa soko unaotozwa watu hawahawa. Kaya zenyewe hazihitaji kutafutwa upya: TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, imeziandikisha kupitia mikutano ya mitaa, na wenyeviti wa mitaa wanazifahamu.

Najua utaambiwa ipo asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Naomba fungu hilo lisiguswe. Ule ni mtaji wa biashara, unataka kikundi, unataka marejesho. Bibi wa miaka 70 hana kikundi, na chakula cha wajukuu si biashara ya kurejesha.

Jambo gumu kweli ni mita. Msaada ukiingia kwenye mita ya pamoja utaliwa na nyumba nzima. Hapo ndipo nguvu ya ofisi yako inahitajika: kaa na Wizara ya Nishati na TANESCO, kaya maskini za wapangaji zifungiwe mita zao ndani ya nyumba za kupanga, gharama ya kuunganisha ibebwe na halmashauri, na zisajiliwe D1. Kaya ikishapata mita yake, hata fedha za uniti zilezile 20 zitanunua karibu uniti 58.

Halmashauri haziwezi kuanzisha kifungu cha namna hii kwa hiari zikajua kimekubalika. Zinasubiri mwongozo wa bajeti. Naomba mwongozo ujao ukitaje: msaada wa nishati ya kupikia kwa kaya maskini, kutoka mapato ya ndani, wenye kiwango cha chini ambacho hakuna halmashauri itakayokikwepa. Manispaa za Dar es Salaam zianze, na majina ya mitaa iliyonufaika yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, ili tuyasome.

Wako mtiifu,
Mpangaji, Mbagala