Tumaini Lisilongoja Saini: Mwenyeheri Floribert na Kilio cha Kongo Mashariki

Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nchi za nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington. Tarehe 19 Julai, huko Doha, wajumbe wa Serikali ya Kinshasa na wa waasi wa M23 wakatia saini tamko la kanuni za kusitisha mapigano. Siku nane baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 27 Julai, wapiganaji wa kundi la ADF waliwavamia waamini waliokuwa katika mkesha wa sala kwenye parokia ya Mwenyeheri Anuarite, Komanda, mkoani Ituri. Watu zaidi ya 40 waliuawa, watoto wakiwa miongoni mwao. Kundi hilo halikuwa sehemu ya mazungumzo ya Washington wala ya Doha.

Haya yalitokea ndani ya Mwaka Mtakatifu ambao Baba Mtakatifu Fransisko aliuweka chini ya kaulimbiu ya Mahujaji wa Matumaini. Katika hati yake ya kutangaza Jubilei, iliyotolewa tarehe 9 Mei 2024, aliitaja amani kuwa ishara ya kwanza ya matumaini ambayo ulimwengu unaihitaji. Basi ni halali kwa mwamini kuuliza: Kanisa linapomhubiria matumaini mama aliyekimbia Goma mwezi Januari, au aliyezika mwanawe Komanda mwezi Julai, linamwambia nini hasa?

Jibu linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya, yaani matarajio na tumaini. Matarajio hutegemea dalili: tunatarajia mvua kwa sababu mawingu yametanda, na tunatarajia amani kwa sababu viongozi wameketi mezani. Dalili zikigeuka, matarajio huvunjika, nayo kwa Kongo Mashariki yamevunjika mara nyingi. Tumaini la Kikristo ni fadhila ya Kimungu, na msingi wake ni uaminifu wa Mungu aliyemfufua Mwanawe. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake wa kitume kuhusu tumaini wa mwaka 2007, alifundisha kwamba tunayahitaji matumaini madogo ya kila siku, lakini hayatoshi bila lile tumaini kuu ambalo ni Mungu mwenyewe. Mtume Paulo naye aliwaandikia Warumi kwamba dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti wa moyo, na uthabiti huo huzaa tumaini. Kwa Mtume, dhiki yenyewe inaweza kuwa shamba ambamo tumaini huota.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja dhambi mbili dhidi ya fadhila hii. Ya kwanza ni kukata tamaa. Ya pili ni kujidhania, nayo ina sura mbili: kudhani kwamba nguvu za binadamu zinatosha, au kungoja huruma ya Mungu pasipo kutubu na kubadili mwenendo. Mafundisho haya yanaisoma vema hali ya leo. Kukata tamaa husema kwamba Kongo haitapona kamwe. Sura ya kwanza ya kujidhania husema kwamba mikataba na biashara ya madini vitaleta amani hata kama mioyo inabaki ilivyo. Sura ya pili husema tusali tu, kisha huendelea kutoa na kupokea rushwa, kueneza chuki za kikabila na kufumba macho mbele ya wanaotajirika kwa vita.

Katikati ya mwaka huohuo Kanisa liliweka mbele yetu kijana aliyeikataa njia hizo zote. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazopita mpakani. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, na muda wake mwingi aliutoa kwa watoto wa mitaani wa mji huo, wale wanaoitwa maibobo. Kazini aliletewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, akashinikizwa, akakataa tena. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa kuwa Mwenyeheri na shahidi katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma, wakati mji wake wa kuzaliwa ukiwa mikononi mwa waasi.

Inafaa kutazama ni lini Floribert alitumaini. Goma ya mwaka 2007 haikuwa na amani. Ilikuwa imefunikwa na lava ya Nyiragongo miaka mitano tu kabla, vita vilikuwa jirani, na rushwa ilikuwa desturi. Angeweza kusema kwamba nchi ikitengemaa ndipo atakapokuwa mwaminifu. Hakungoja. Alilinda afya ya watu ambao hakuwafahamu, na ambao pengine wasingejua kamwe kwamba kuna mtu aliyewalinda. Kanisa lilipotambua kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, lilikiri kwamba meza ya mkaguzi wa bidhaa nayo inaweza kuwa mahali pa kumshuhudia Kristo.

Yupo atakayesema kwamba kijana huyu alikufa na rushwa ingali ipo; faida ya tumaini lake iko wapi? Pingamizi hili ni zito, na haifai kulijibu kwa haraka. Msalaba nao, ukitazamwa jioni ya Ijumaa Kuu, ulionekana kuwa mwisho wa kila kitu. Mkristo haahidiwi kwamba wema wake utashinda kabla ya jua kutua. Anaahidiwa kwamba hakuna tendo la upendo linalopotea mbele za Mungu. Kwa uhakika huo anaweza kutenda haki hata pale ambapo hesabu za kibinadamu zinamwonya kwamba atapata hasara.

Wala tumaini hili halimfundishi mtu kunyamaza. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alipaza sauti kuwatetea wakimbizi na raia mpaka alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Mwaka 2025 Maaskofu Katoliki wa Kongo, wakishirikiana na Kanisa la Kristo katika Kongo, walipendekeza mkataba wa kijamii kwa ajili ya amani, wakaenda Kinshasa, Goma na Kigali kuzungumza na kila upande. Walilaumiwa kwa kukutana na waasi. Lakini anayeamini kwamba hata adui anaweza kuongoka hana budi kuketi naye, huku akidai haki kwa waathirika bila kupunguza neno.

Vita hivi haviko mbali nasi. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imewapokea Wakongo tangu mwaka 1996, na watu wazima waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Tuwaombee kwa majina katika Jumuiya zetu ndogondogo wale tunaowafahamu, na michango yetu ya Kwaresima na ya Siku ya Maskini iwafikie. Tuukatae mzaha na ubaguzi dhidi ya mkimbizi anayetafuta riziki. Na yule miongoni mwetu anayekaa kwenye dirisha la ofisi, kwenye mizani ya barabarani, bandarini au kwenye duka la dawa, akumbuke kwamba Floribert alikuwa na kazi kama yake. Bahasha itakapowekwa mezani kesho asubuhi, atakuwa na nafasi ya kutumaini kama alivyotumaini yeye.

Mwenyeheri Floribert, utuombee. Mwenyeheri Anuarite, uwaombee watoto wa Komanda na nchi yako yote.