Kamera ya Kwanza: Ishike Kabla Hujatuma Pesa

Ukitaka kuanza kupiga picha za harusi Kitengela au Isinya, usikimbilie kamera mpya ya bei kali. Kwa maoni yangu, mtumba kama Canon 1200D au Nikon D3500 inatosha kabisa kujifunzia. Pesa itakayobaki, nunua lenzi ya 50mm f/1.8. Kanisani penye mwanga hafifu itakuokoa kuliko ile ya 18-55mm inayokuja na kamera. Kwa hiyo Nikon, chukua lenzi yenye herufi AF-S. Za zamani hazijilengi zenyewe.

Lakini kosa kubwa huwa kwa simu, si kwa kamera. Mimi nilituma nusu ya bei ili muuzaji wa mtandaoni "aniwekee". Akazima simu. Akiba ya miezi minne ikaenda hivyo.

Siku hizi nakutana na muuzaji mahali penye watu, napiga picha kadhaa, naangalia kamera imeshapiga ngapi, ndipo nalipa. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Si lake? Simama hapo hapo. Na meseji ya malipo usiifute, ndiyo risiti yako.

Akikataa uishike kwanza, mwache aende nayo.